Daftari la Lindo la Saa Nane

Siku nilipopewa lindo la kanisani nilikuwa sina kazi, sina meno mawili ya mbele, sina goti la kulia linalokubali kukunjika, sina sauti ya kuimbia, wala sina nafasi katika kamati yoyote. Suti sikuwa nayo. Viatu nilikuwa navyo, ila kimoja kilikuwa kimechoka kuliko mwenzake. Zaidi ya yote sikuwa na jina. Jina la ubatizo ninalo, limeandikwa kwenye kitabu cha parokia, lakini hakuna aliyelitumia. Wakubwa kwa wadogo waliniita Hali Shwari.

Jina hilo lina historia yake, na ni afadhali niieleze mwenyewe kuliko uisikie kwa watu.

Nilikuwa mlinzi wa ghala la vitambaa kwa miaka thelathini na minne. Kila lindo lina daftari la matukio. Ukiingia zamu unaandika saa na umepokea kwa nani. Ukitoka unaandika saa na umekabidhi kwa nani. Katikati unaandika lililotokea. Kama halikutokea lolote unaandika maneno mawili: hali shwari. Mimi nilijifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini na mmoja, shule ya jioni, kwa ajili ya daftari hilo hilo, maana kabla ya hapo wenzangu ndio walioniandikia. Mwandiko wangu ukaja kuwa mzuri kuliko wa msimamizi. Sijisifu, madaftari yapo, mwenye macho akaangalie.

Mwaka wangu wa mwisho wezi walitoboa ukuta wa nyuma wa ghala wakabeba majora mia mbili. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa mlangoni, uso kwenye njia, rungu mapajani, kama nilivyofundishwa. Asubuhi msimamizi alifungua mlango akaona jua linaingia kwa nyuma, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na dirisha. Akachukua daftari, akasoma mstari wangu wa mwisho kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote. Hali shwari. Walicheka hata walionipenda. Polisi walinihoji, wakaona sina hatia, wakaniachia. Kazi ilikuwa imekwisha, na jina lilikuwa limefika nyumbani kabla yangu.

Mwaka mmoja baadaye, Jumapili moja, Paroko wetu alisimama akatangaza kwamba Askofu amekubali parokia iwe na kuabudu Ekaristi Takatifu kila siku, kuanzia Misa ya asubuhi inapokwisha hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa asiyejua, nieleze. Padre anaweka Ostia, ule mkate mweupe wa Misa uliogeuzwa kuwa Mwili wa Bwana, katika monstransi, chombo cha rangi ya dhahabu chenye miali kama jua na kioo cha duara katikati. Anakiweka juu ya altare, na tangu hapo Bwana mwenyewe yuko wazi mbele ya watu wake. Haachwi peke yake hata dakika moja. Lazima awepo mtu.

"Askofu ametuazima monstransi kwa miezi mitatu ya majaribio," Paroko alisema. "Atamtuma mjumbe. Akikuta Bwana ameachwa peke yake, au akijua kwamba aliachwa, chombo kinarudi, na ruhusa inarudi nacho. Watu wa parokia hii wameomba jambo hili miaka kumi na moja. Msiniaibishe."

Karatasi ya kugawana saa ilibandikwa mlangoni. Saa za asubuhi zilijaa kabla watu hawajamaliza kutoka. Saa kumi na moja jioni walichukua akina mama wa rozari. Saa nane mchana ilibaki nyeupe. Huo ndio wakati bati linalia kwa joto, chakula kimeshuka tumboni, na kila mwenye kazi yuko kazini.

Mke wangu akanyoosha mkono.

"Padre, saa nane mpeni mzee wangu. Yuko tu nyumbani anahesabu nzi."

"Nani, Hali Shwari?" akadakia Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei. "Basi tuhesabu mishumaa kabla hajaingia, na tuihesabu tena akitoka!"

Watu walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka akalia. Mwenyekiti ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani mwenye duka la suti. Utani wa shemeji hauna kesi, kwa hiyo nami nilicheka. Kisha nikaenda pale mlangoni nikaandika jina langu la ubatizo kwenye saa nane, kwa herufi za kuunganisha, nikatia nukta.

Siku ya kwanza nilifika saa nane kasoro dakika kumi. Kikanisa cha kuabudia kiko ubavuni mwa kanisa kubwa: mabenchi sita, feni moja isiyozunguka, zulia jekundu lililoliwa ukingoni, mishumaa minne. Nilimkuta mama muuza mboga, ndiye wa saa saba. Nikamwambia, "Nimepokea." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kigeni, akaondoka. Nikachukua kiti cha mbao kilichokuwa ukutani, nikakiweka nyuma kabisa, nikakaa. Goti langu halipigiki, hilo Paroko alilijua.

Robo saa haijapita, akaingia Katekista, binti mdogo anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Akapiga magoti, akainuka, akaniona, akanijia kwa ncha za vidole.

"Babu," akanong'ona, "mbona umempa Bwana mgongo?"

"Sijampa mgongo. Namlinda."

"Unamlindaje na humwoni?"

"Mwizi hatokei altareni, mjukuu wangu. Mwizi hutokea mlangoni."

Alijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Alipopata pumzi akasema, "Hapa hukuitwa kulinda, Babu. Yeye ndiye anayekulinda wewe. Kazi yako ni kumwangalia."

"Kumwangalia tu?"

"Tu."

"Na mlango?"

"Achana na mlango."

Nilikigeuza kiti. Nakwambia kweli, kukigeuza kile kiti kulikuwa kazi nzito. Miaka thelathini na minne nililinda ghala na sikuwahi kuambiwa nitazame kilichomo ndani. Ndani hakukunihusu. Mgongo uliniwasha kwa sababu ya ule mlango, na mara mbili nilitaka kugeuka. Kisha nikaona ule uduara mweupe, mdogo kama kiganja cha mtoto, umetulia katikati ya ile miali. Nilimtazama. Sikujua sala ndefu. Nikafanya ninalolijua: nikatoa taarifa.

"Bwana," nikasema moyoni, "mimi ndiye niliyeibiwa. Sikulala. Niliangalia kule nilikoambiwa niangalie." Nikamweleza yote, ukuta, majora, msimamizi, kicheko. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisikia habari ile tangu mwanzo hadi mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza ilikuwa saa tisa.

Nyumbani nilitafuta daftari langu la shule ya jioni, lililobaki nusu baada ya hesabu za sehemu. Nikaligeuza, nikaanzia nyuma. Ukurasa wa kwanza niliandika: *Saa 8:00 nimepokea kwa mama muuza mboga. Yupo. Saa 9:00*

Hapo nikasimamisha kalamu. Maana saa tisa hakuna aliyekuja kupokea. Saa tisa ilikuwa ya shemeji yangu mwenyewe.

Kanuni ya lindo ni moja. Hutoki mpaka umkabidhi mtu, uso kwa uso. Kwa hiyo siku ile nilikaa hadi saa kumi. Saa kumi ilikuwa ya mwalimu wa kwaya, naye hakuja. Akina mama wa rozari waliingia saa kumi na moja wakanikuta nimekauka kama kuni. Nikaandika: *Saa 9:00 mpokeaji hajafika. Naendelea. Yupo. Saa 10:00 mpokeaji hajafika. Naendelea. Yupo. Saa 11:00 nimekabidhi kwa akina mama wa rozari. Yupo.*

Parokia ilikuwa na kitabu chake rasmi, kikubwa, chenye jalada la bluu, juu ya meza karibu na mlango. Siku ya pili nilikifungua nisaini. Nikaona saini ya shemeji na za wanafunzi wake wawili wa cherehani kwenye saa tisa ya siku ile, na ya kesho, na ya kesho kutwa, mpaka Jumamosi, zote kwa kalamu ileile ya kijani. Ya mwalimu wa kwaya vilevile. Kumbe walisaini wiki nzima Jumapili baada ya Misa, kitabu kisije kikaonekana na mapengo.

Nilipita dukani kwake jioni. Alikuwa na chaki sikioni na futi shingoni.

"Shemeji, saa tisa yako vipi?"

"Si nimesaini?"

"Umesaini, hujaja."

"Nina suti sita za harusi, Shemeji. Bwana anajua niko naye kiroho."

"Lindo halilindwi kiroho."

"Wewe upo au hupo?"

"Nipo."

"Sasa tatizo liko wapi? Au unaogopa watapitia ukuta wa nyuma tena?" Akacheka, na wanafunzi wake wawili kwenye vyerehani wakacheka naye.

Nilirudi nyumbani. Mke wangu aliponiwekea chai aliniuliza nina nini, nikamwambia hali shwari. Akanitazama sana. "Kaka yangu ana mdomo," akasema. "Wewe usiwe na mdomo. Wewe kaa."

Nikakaa. Siku nyingine shemeji alikuja, siku nyingine hakuja. Nilipohesabu baadaye nilikuta siku arobaini na moja nilipitiliza saa tisa, na kati ya hizo, kumi na tisa nilikaa hadi saa kumi na moja. Siku ya mvua kubwa maji yaliingia dirishani, nikavisogeza vinara viwili vya mishumaa. Imeandikwa. Siku njiwa alipoingia, imeandikwa saa aliyoingia na saa aliyotoka. Tangu siku ya pili nilikwenda na daftari langu, na neno *Yupo* niliandika palepale kila saa, na kabla ya kuliandika niliinua macho nikahakikisha, kwa sababu nimeshaonja kuandika bila kutazama.

Mwezi wa tatu wa majaribio, Alhamisi moja, aliingia mgeni. Nilimwandika kama ninavyoandika kila mtu, nikamsahau.

Jumapili iliyofuata tulitangaziwa tubaki ukumbini baada ya Misa ya pili. Mbele alikaa Paroko, uso umempauka, na pembeni yake padre mwembamba mwenye miwani, mjumbe wa Askofu. Juu ya meza kulikuwa na kile kitabu cha bluu. Kando yake kulikuwa na sanduku jeusi, limefunguliwa, ndani limewekwa kitambaa chekundu laini chenye umbo la monstransi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa lile sanduku ni la nini. Katekista alikuwa analia tayari.

Mjumbe alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Alhamisi saa tisa hadi saa kumi, kitabu kina saini tatu. Mimi nilikuwa ndani ya kikanisa saa hiyo. Sikuwaona watu watatu. Nilipoingia nilimwona mzee mmoja nyuma, basi. Kama saini hizi ni za uongo, nitamwambia nini Askofu kuhusu zilizobaki? Asubuhi nimeridhika, watu wapo. Lakini mchana? Nani ataniapia kwamba Bwana hakuachwa peke yake?"

Shemeji aliangalia viatu vyake, na ni viatu vizuri. Mwalimu wa kwaya aliangalia dari. Miaka kumi na moja ya kuomba ilikuwa inaingia sandukuni mbele ya macho yetu.

Daftari lilikuwa ndani ya koti langu. Nilijua nikilitoa, shemeji atajulikana. Nilijua pia nikilitoa, watasema nini juu yangu. Nikasimama, goti likalia.

"Padre, mimi ndiye yule mzee. Ninalo daftari."

"Kaa, Shemeji," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini.

Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Hali Shwari!" Kicheko kikapita ukumbini, kicheko cha watu wenye hofu.

"Mnacheka nini?" mjumbe akauliza.

"Padre," yule wa nyuma akajibu, "huyo ndiye aliyeandika hali shwari na ghala limeshatobolewa. Daftari lake si ushahidi!"

"Ni kweli," nikasema. "Niliandika hivyo. Wakati ule nilikuwa naangalia mlango. Siku hizi naangalia ndani. Soma tu, Padre, kisha uamue."

Nikapita katikati ya viti nikaliweka mezani. Akaligeuza huku na huku, akakutana na hesabu za sehemu, akaligeuza tena. Akafungua kurasa moja moja, polepole, kama anayetafuta kitu. Halafu akasimama mahali, akarekebisha miwani, akasoma kwa sauti.

"*Alhamisi. Saa 8:00 nimepokea kwa mama muuza mboga. Yupo. Saa 9:00 mpokeaji hajafika. Naendelea. Yupo. Saa 9:20 ameingia mgeni, mwanamume, mwembamba, miwani. Kiatu cha kulia kinalia. Amepiga magoti benchi la tatu. Saa 9:40...*"

Akakohoa.

"Endelea, Padre," Paroko akasema, naye kwa mara ya kwanza rangi ikamrudia.

"*Saa 9:40 amesinzia*," akasoma mjumbe wa Askofu. "*Saa 9:48 ameamka. Saa 9:55 ametoka. Hakuaga. Saa 10:00 mpokeaji hajafika. Naendelea. Yupo.*"

Akalifunga daftari. Akainuka, akazunguka meza kunijia, na kiatu chake cha kulia kikalia: nyiii. Hatua ya pili: nyiii.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na safari hii sikuwa mimi ninayechekwa. Mjumbe mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Akina mama wa rozari walishikana.

"Nilikuwa nimetoka safari ndefu," akasema.

"Hakuna neno, Padre. Mlinzi mwingine alikuwa macho."

"Niambie. Hili neno, *yupo*. Nani yupo?"

"Bwana, Padre. Katika kazi yetu anayekabidhi huandika mali ipo. Nikaona siwezi kumwita mali."

Akavaa miwani yake tena. Halafu akauliza, taratibu, "Na hawa wasiofika? Mbona hukuwaandika majina?"

"Daftari la lindo ni la aliyekuwepo, Padre. Asiyekuwepo hana tukio."

Hapo ndipo shemeji aliposimama. Alikuwa anatoka jasho kwenye ile suti yake.

"Saa tisa ni yangu," akasema. "Mimi ndiye nisiyefika. Na aliyekaa badala yangu ndiye niliyemtania mbele yenu nyote."

"Saa kumi ni yangu," akasema mwalimu wa kwaya, na sauti yake kubwa ilikuwa imemkimbia.

Mjumbe alirudi mezani, akashika kifuniko cha lile sanduku jeusi akakifunga. Vibana viwili: ka, ka. Akalibeba likiwa tupu hadi kwenye gari lake, sisi tukimsindikiza, na akina mama walipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Daftari langu aliomba kwenda nalo. Nilimwandikisha amelipokea.

Baada ya wiki tatu barua ya Askofu ilisomwa kanisani. Ruhusa imetolewa, bila kikomo cha muda. Monstransi si ya kuazima tena, ni ya parokia. Na mwishoni, Askofu anamwomba mlinzi wa saa nane amwandikie, kwa mkono wake mwenyewe, utaratibu wa kupokea na kukabidhi, ili autume katika parokia nyingine zinazotaka kuanza. Paroko alipofika hapo alilitaja jina langu la ubatizo, lote, polepole. Watu waligeuka kutafuta ni nani huyo.

Shemeji siku hizi huingia saa tisa kasoro dakika tano, chaki bado sikioni. Husimama mbele yangu na kusema, "Nimepokea." Namjibu, "Yupo." Ameniletea na suti. Mkono wa kushoto ni mrefu kidogo, sijamwambia.

Barua niliiandika siku mbili. Nilisafisha meza, nikamwambia mke wangu asinisemeshe, akanisemesha hivyo hivyo. "Andika kwamba mimi ndiye niliyekutaja," akasema. Nikaandika, maana ni haki yake. Ukurasa wa kwanza niliweka saa, kupokea, kukabidhi, na kanuni ya kutotoka mpaka mwenzako afike. Ukurasa wa pili una mistari michache tu. *Wasisaini kesho leo. Mwenye goti bovu apewe kiti. Kiti kielekee altareni. Mwabudu asiangalie mlango, aangalie ndani, na kabla ya kuandika kwamba Bwana yupo, ainue macho kwanza.*

Nikasaini jina la ubatizo. Nikalitazama. Kisha chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, nikaongeza: *HALI SHWARI*.

Nikakunja karatasi mara tatu, nikaitia kwenye bahasha, nikapaka gundi na kuibana kwa kiganja nikihesabu hadi sitini. Nikavaa suti. Posta palikuwa na foleni fupi. Karani aligonga muhuri juu ya stempu, akauliza kama ni ya haraka.

"Ya kawaida inatosha," nikamwambia. "Ila niitumbukize mwenyewe."

Akanionyesha sanduku. Nikaisukuma bahasha mpaka niliposikia imefika chini. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika ishirini na tano.